Supavaiza kaniambia nijaze masaa ambayo hatujakaa

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba usichoke kusoma maana nikianza kuandika huwa sinyamazi.

Mi ni dada wa miaka 34, niko Marekani, jimbo la California. Udaktari wa saikolojia nilimaliza mwaka jana, na tangu katikati ya Agosti niko kwenye mwaka wa postidoki, yaani mazoezi ya kazi ya baada ya udaktari, katika kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu kimoja hivi, jina naliacha. Kwa ambao hawajui mambo ya huku, ukishapata hiyo PhD bado hujawa mwanasaikolojia, watu wanakuita Dokta lakini leseni huna, lazima ukusanye masaa ya kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, jimbo hili linataka 3000 na angalau 1500 kati ya hayo yawe ya baada ya kumaliza udaktari, halafu kuna mitihani. Nikimweleza mama kwenye simu anakaa kimya kidogo halafu ananiuliza, mwanangu, kwani ulifeli wapi? Nimeacha kueleza.

Kazi yenyewe naipenda kwa kweli. Wanafunzi wanakuja na mambo yao, huyu kaachwa, huyu kapata D ya kwanza maishani, huyu hajalala siku nne, huyu baba yake anaumwa na yuko mbali hawezi kwenda, unakaa nao wiki hadi wiki unaona mtu anaanza kuinua kichwa taratibu. Nina wanafunzi wa kudumu 19, kikundi kimoja Jumatano, na Alhamisi mchana nakaa zamu ya dharura, wale wanaoingia bila miadi.

Shida ni supavaiza wangu mkuu. Ratiba inasema tukae Jumanne saa 3 asubuhi, saa nzima, mimi na yeye. Nina supavaiza wa pili ninayekaa naye Ijumaa, huyo sina neno naye, na kuna supavisheni ya kikundi masaa mawili. Ila huyu mkuu sasa... Mwanzoni alikuwa mzuri mno, tulikuwa tunasikiliza rekodi za vikao vyangu, ananisimamisha palepale ninapokimbilia kutoa ushauri kabla mtu hajamaliza sentensi. Oktoba wafanyakazi wawili wakaacha kazi, nafasi zao hazijazibwa mpaka leo, yeye akabebeshwa dharura zote za kituo, basi Jumanne ikifika saa 3 kasoro dakika 5 meseji inaingia, "Leo turuke, sawa? Nimezidiwa." Nami najibu sawa Dokta, pole na kazi. Yeye anataka nimwite jina lake la kwanza, mdomo umekataa.

Tangu siku ya kwanza naweka kumbukumbu kwenye jedwali la Excel. Wiki tuliyokaa naipaka kijani, ambayo hatukukaa naipaka njano. Mpaka leo katikati ya Aprili zimepita wiki 31 za kazi, na 11 ni njano. Februari yote ni njano, ukiifungua ni kama mtu kamwagia bizari.

Sasa fomu. Wiki iliyopita nilimfuata ofisini na zile fomu za masaa za kila wiki maana hajasaini tangu Krismasi. Nikamkuta kavua viatu chini ya meza, anakula mkate juu ya kibodi, akazipekua harakaharaka akaona nafasi zilizo wazi. Akaniambia, "Jaza tu saa moja kila wiki. Mbona tunaongea kila siku kwenye korido, ukijumlisha inazidi hapo. Niletee zote ntasaini mara moja." Akatabasamu, kwa upendo kabisa, akanisukumia na chokoleti. Nikasema asante. Anti, nilisema asante!

Tangu siku hiyo sijajaza na sijamrudia. Nikikataa ni kama namwita mwongo, na huyohuyo ndiye anayeandika tathmini yangu ya mwisho, ndiye wa barua za kuombea kazi. Viza yangu nayo ni ya mwanafunzi, nafanya kazi kwa OPT, kile kibali cha kazi cha baada ya kuhitimu, miezi 12 basi, inaisha sawa na mkataba, Agosti. Intanishipu niliifanya kwa CPT, kibali cha mafunzo kazini ukiwa bado masomoni, na tukahakikisha haifiki miezi 12 kamili ili nisiipoteze hiyo OPT, yaani miaka miwili hii nahesabu siku kama mfungwa, halafu nije nikwame kwa sababu ya Jumanne 11? Rafiki yangu niliyekuwa naye intanishipu anasema jaza, acha ushamba, kila mtu anajaza.

La mwisho, na labda ndilo linaloninyima usingizi. Nina mwanafunzi mmoja, sitasema chochote cha kumtambulisha. Kabla ya kikao huwa wanajaza dodoso kwenye tableti, na kuna kipengele cha kama una mawazo ya kukatisha maisha yako, 0 mpaka 4. Miezi yote alikuwa anaweka 1. Wiki iliyopita akaweka 3. Nikamuuliza yote ya kuuliza, hana mpango, chumbani hana kitu cha kujidhuru nacho, tukaandika pamoja mpango wa usalama, akaweka namba ya dada yake. Nikamkuta mkuu kwenye korido nikamweleza kwa kifupi, akasema umefanya vizuri, andika vizuri kwenye faili, akapita. Wiki hii kaweka 3 tena. Na Jumanne tuliruka.

Nifanyeje Anti? Nijaze? Niseme? Na nikisema, nisemeje?

Wako,
Jumanne ya Njano

*

Marahaba mdogo wangu.

Naanza na mwisho wa barua yako, maana hayo mengine yote yanaweza kulala mpaka kesho na hilo haliwezi. Mtu aliyekaa kwenye 1 miezi yote, akapanda 3, akabaki hapohapo, hajadiliwi ukiwa umesimama kwenye korido. Ukimaliza kusoma hapa mtafute supavaiza wako, leo, usingoje Jumanne, na umwambie hivi tu: nina mwanafunzi amepanda kutoka 1 hadi 3 na amebaki hapo, nahitaji dakika 30 zako leo, mlango umefungwa. Usimwambie "ukipata nafasi", maana nafasi hana, umeshaniambia mwenyewe. Akishindwa, nenda kwa yule wa Ijumaa. Akishindwa naye, mkalishe yeyote mwenye leseni aliye zamu. Jina la mwanafunzi usiliweke kwenye meseji. Na kumbuka, wewe leseni huna bado, kwa hiyo kisheria huyo kijana ni mteja wa supavaiza wako kabla hajawa wako, akijua hivyo na asipokaa chini, basi kaamua yeye. Asipojua kwa sababu wewe uliogopa kumsumbua, hilo litakuwa lako.

Mkikaa, msirudie tu ulichofanya na yeye akakusifia. Nilivyokusoma ulifanya kazi nzuri, lakini kuna maswali ambayo hujayataja. Je, aonwe mara mbili kwa wiki mpaka hiyo namba ishuke? Je, apelekwe kwa daktari wa akili wa chuo? Dada yake anajua kwamba namba yake imeandikwa, au ataipata taarifa siku mbaya? Huyo kijana ana namba ya 988 kwenye simu yake, ile ya dharura ya wenye mawazo ya kujiua iliyoanza nchi nzima Julai 2022, na ameshawahi kuijaribu au iko kwenye karatasi tu? Halafu mitihani ya mwisho ndiyo hiyo inakuja, na baada ya mitihani wanafunzi wanatawanyika, akienda kwao jimbo lingine huwezi kuendelea naye kwa video hivihivi, leseni za huku zinaishia kwenye mpaka wa jimbo, sasa nani atampokea huko? Hili la likizo nimeona linawapiga chenga mapostidoki wengi kuliko hata dharura zenyewe, mtu anamlea mwanafunzi vizuri mwaka mzima halafu Mei anamwachia hewani.

Haya, sasa tukae.

Usijaze. Nalisema mapema ili usisome barua yote ukitafuta mahali ntakapolegeza. Ile fomu ya mwisho inayokwenda bodi ya leseni, msimamizi anaisaini akijua kwamba uongo ndani yake ni kosa la kiapo cha uongo. Na ile miiko ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kipengele 5.01, inakataza kusema uongo kuhusu mafunzo na uzoefu wako, hiyo umeisoma darasani ukaifanyia mtihani. Lakini naelewa kwamba miiko haimzuii mtu mwenye hofu, kwa hiyo nikuonyeshe itakavyokuwa. Tuseme Mungu apishe mbali, lakini tuseme, yule mwanafunzi wako apate matatizo na familia ilalamike. Kitu cha kwanza kitakachoombwa ni faili, cha pili ni kumbukumbu za usimamizi. Fomu yako inasema Jumanne ile saa 3 mlikaa saa nzima. Kalenda ya supavaiza wako inasema saa 3 alikuwa kwenye kikao cha dharura na watu wanane. Hapo hakuna atakayetaka kujua ulimsaidia vipi yule kijana, kazi yako nzuri yote inamezwa na hiyo saa moja ya kubuni.

Rafiki yako anasema kila mtu anajaza. Mimi nami nilijaza, kisha nikakataa, na nakiri sikukataa kwa ushujaa, nilikataa kwa woga. Mwaka wangu wa postidoki supavaiza alikuwa haahirishi, yeye alikuwa anachelewa, anaingia dakika 40 zimeshapita, anakaa na koti lake, tunaongea dakika 20 tunaandika saa moja. Nilinyamaza miezi mitano. Siku niliyosema nilikuwa nimeandika mistari mitatu kwenye kikaratasi na nikaisoma kama mtoto anayesoma shairi darasani, sauti inatetemeka. Hakunifokea. Alifungua kalenda yake kwenye kompyuta, akaipandisha juu, akaishusha, akakaa kimya mpaka nikataka kumwomba msamaha mimi. Kisha akasema hakujua kwamba imefikia hivyo. Nilimwamini nusu. Ila tulirekebisha fomu, nikapoteza masaa, na nikayafidia.

Sasa tuje kwenye masaa yako, maana umeniandikia kurasa na hujapiga hesabu, umepaka rangi tu. Chukua kalamu. Sheria ya California inataka kila wiki upate usimamizi usiopungua asilimia 10 ya masaa uliyofanya kazi, na ndani yake angalau saa moja iwe ya ana kwa ana, wewe na msimamizi mkuu peke yenu. Kwa wiki ya masaa 40 hiyo asilimia 10 ni masaa 4, nawe una moja ya mkuu, moja ya Ijumaa, mawili ya kikundi, sawa kabisa. Wiki ya njano inabaki na 3 na saa ya mkuu haipo, kwa hiyo yule wa Ijumaa hawezi kukuokoa. Tuchukulie mabaya kabisa, kwamba wiki zote 11 zimekwenda na maji. 31 toa 11 ni 20, mara 40 ni masaa 800. Mpaka katikati ya Agosti zimebaki kama wiki 17, mara 40 ni 680. Jumlisha, 1480.

Umepungukiwa masaa 20 mdogo wangu. Ishirini! Hayo ndiyo unataka kuyasainia uongo.

Na hayo 20 yanapatikana. Bodi inakubali mpaka masaa 44 kwa wiki, usimamizi ukiwa ndani yake. Ukifanya 43 ya kweli kwa wiki 17 unapata 731, ukijumlisha na 800 una 1531. Ukiamua kupumzika wiki moja, na nakuomba upumzike, basi 16 mara 44 ni 704, una 1504, pembamba lakini unapita. Hii ni kama zile wiki 20 za kijani zilikuwa kamili, kama kuna za sikukuu ulizofanya siku tatu zipunguze kwa haki. Najua utasema kiangazi wanafunzi hawapo, masaa nitayatoa wapi, lakini si lazima yote yawe ya vikao, kuna maandalizi ya wanafunzi wapya, kuna mafunzo kwa wale wanaosimamia mabweni, kuna ripoti za mwaka ambazo kila kituo nilichowahi kukiona kinamtafuta mtu wa kuziandika. Ila angalia kitu kimoja, asilimia 10 ya 44 ni masaa 4.4 na wewe una 4. Kwa hiyo kikao cha Jumanne kinatakiwa kirefuke, kiwe saa moja na nusu.

Umeona sasa unachokwenda kumwomba? Sio kwenda kumwambia mama wa watu wewe mwongo. Unakwenda kuomba dakika 90 kila Jumanne mpaka Agosti, na fomu zisainiwe zilivyo, za njano zikiwa tupu.

Andika imeili kwanza, fupi, kisha ndiyo mkae. Utaiandika kwa Kiingereza chako, lakini mimi ningesema kitu kama hiki: "Dokta, nimepitia masaa yangu. Wiki 11 hatukukaa, na nimeona siwezi kujaza saa ambazo hazikuwepo. Nimepiga hesabu na bado naweza kufika 1500 tukikaa saa moja na nusu kila Jumanne kuanzia wiki ijayo. Je, saa 3 inakufaa au tutafute muda ambao dharura hazikufikii? Hesabu nimeambatisha." Basi. Usiandike naomba radhi kwa usumbufu. Usiandike najua una kazi nyingi, kwani hajui? Neno "siwezi" libaki hivyohivyo, usilibadilishe kuwa "sina uhakika kama". Na lile la muda ni la kweli, saa 3 asubuhi Jumanne inaonekana ndiyo saa ambayo matatizo yote ya wikendi yanafika mezani kwake, labda tatizo lenu nusu yake ni saa tu.

Huyo mama simwoni kama mtu mbaya. Kafanya kazi ya watu watatu tangu Oktoba, na kwenye kichwa chake yale maneno ya korido ni usimamizi kweli. Lakini nataka uelewe kwa nini sio, maana hata wewe naona ndani umeanza kukubali. Korido anasikia muhtasari wako. Unamwambia mambo uliyoyaona, hana namna ya kusikia uliyoyapita. Ulisema mwanzoni alikuwa anasimamisha rekodi pale unapokimbilia ushauri, sasa niambie, kwenye kikao kile alichoweka 3 mara ya kwanza, ulimwachia mwanafunzi amalize sentensi? Sijui, na wewe hujui, na hiyo ndiyo saa uliyonyimwa. Umeniandikia kirefu kuhusu masaa ya leseni, ila hiki nacho umekosa wiki 11, na hiki fomu haiwezi kukirudisha hata ikisainiwa.

Tena kuna kitu kimenichekesha kidogo, usinikasirikie. Harold Searles, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1955 kwamba yanayotokea kati ya mshauri na mteja wake huwa yanajirudia kati ya mshauri na msimamizi wake, bila wao kujua. Naweka dau kwamba nusu ya hao wanafunzi wako 19 unawafundisha jinsi ya kumwandikia profesa kuomba muda zaidi. Unawaambia mwambie unachohitaji, mwalimu hatakuuma. Halafu wewe unapokea chokoleti unasema asante.

Ikiwa atakujibu vibaya, au akajibu vizuri na Jumanne mbili zikapita patupu tena, hapo unakwenda kwa mkurugenzi wa mafunzo wa kituo. Huko sio kusengenya. Miiko yenyewe inasema anza na mhusika kwa njia ya kawaida kama inawezekana, wewe utakuwa umeshaanza naye na una imeili. Na kabla hujaenda, tafuta ule mwongozo wa mafunzo mliopewa Agosti, ule ambao hakuna anayeusoma, utakuta sehemu ya malalamiko ina hatua na siku zake. Kama kituo chenu ni mwanachama wa APPIC, lile shirika la vituo vya intanishipu na postidoki, wao wanataka masaa mawili ya usimamizi wa mmoja kwa mmoja kila wiki, yaani wiki zako za njano zilivunja hata hilo, na wana utaratibu wa kumsikiliza mwanafunzi kwa ushauri kabla ya kufikia malalamiko rasmi. Natumaini hutafika huko. Mkurugenzi mwenye akili akisikia kwamba msimamizi wake yuko mbioni kusaini fomu za kubuni atahangaika kuliko wewe, na pengine ndiyo sababu aliyokuwa anaikosa ya kupigania zile nafasi mbili zilizo wazi.

Hofu ya barua ya kazi naielewa, sina dawa yake kamili. Ila una supavaiza wa pili, una anayeongoza kikundi, una mkurugenzi. Anza sasa hivi kumwonyesha wa Ijumaa kazi zako vizuri, rekodi na yote, ili Agosti ukihitaji barua kuna mtu mwingine anayeweza kukueleza kwa undani.

Hizo wiki 11 waulize bodi wenyewe, kwa maandishi, bila kutaja jina la mtu. Mimi nimehesabu kwa ubaya kabisa, huenda kuna wiki mlikaa Alhamisi badala ya Jumanne ukaipaka njano kwa hasira, hiyo inahesabika, irudie. Na hata ukimaliza Agosti na 1490, mwaka wako wa masaa haufi, California inakupa miezi 30 mfululizo kukamilisha hayo 1500, yaliyobaki unaweza kuyamalizia kazini pengine chini ya msimamizi mwingine. Kuna majimbo ambayo hata hayalazimishi masaa ya baada ya udaktari, Chama cha Wanasaikolojia kilibadilisha msimamo wake kuhusu hilo mwaka 2006, Arizona kwa mfano inakubali masaa ya mazoezi ya kabla ya intanishipu. Sikwambii uhame. Nakwambia ukuta hauko karibu na pua yako kama unavyouona usiku.

Viza ndiyo ngumu kuliko masaa, na hapo simumunyi maneno. OPT ikiisha huwezi kusema nimalizie wiki mbili tu. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kilichokupa shahada wiki hii hii, sio Julai, ukiwa na tarehe zako zote. Waulize kuhusu H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, vyuo vikuu haviingii kwenye ile foleni ya bahati nasibu ya idadi maalumu kila mwaka, kwa hiyo kazi ya kudumu kwenye kituo cha chuo, hata chuo kingine, ni njia ya kweli kwako. Na hicho kituo chenu chenye nafasi mbili wazi, umeshawauliza? Hujaniambia. Mtu mwenye miezi minane ndani, anayejua mfumo na anayekataa kujaza fomu za uongo, mimi ningemwajiri.

EPPP, ule mtihani wa leseni, usiiweke Julai. Ni maswali 225 kwa masaa 4 na dakika 15, na wewe Julai utakuwa unafukuzia masaa 44 kwa wiki na kuaga wateja 19. Kuaga nako ni kazi, kuna watakaolia na kuna watakaokuacha bila kuja kikao cha mwisho, yote mawili yatakuchosha.

Imeili itume kabla ya Ijumaa, lakini yule mwanafunzi ni leo. Halafu niandikie wiki ya pili ya Mei, uniambie bodi wamesema nini, maana kuna wenzako wawili wameniuliza jambo linalofanana na hili na nimewaambia wasubiri jibu lako. Jina la kwanza la huyo mama kama mdomo umekataa, liache, Dokta linatosha.

Anti